Giaboksi ya Gari Letu: Ilivyoharibika na Ilivyotengenezwa

Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama



Katika sherehe kama hii ni desturi ya Katibu kusimama na kuhesabu mafanikio: magunia yaliyopimwa, maghala yaliyojengwa, na vyama vya msingi vilivyojiunga nasi. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na kila mwanachama aweza kuzisoma kwa nafasi yake. Mimi nimetakiwa na Halmashauri nizungumze juu ya jambo jingine, dogo kwa sura, lakini ndilo lililoleta mabishano makubwa kuliko yote katika mikutano yetu ya msimu uliopita. Jambo hilo ni giaboksi ya gari letu.

Huenda baadhi yenu mtasema kwamba mambo ya vyuma ni ya mafundi, na kwamba mkulima yampasa kujua kahawa yake tu. Nami najibu kwa heshima kwamba gari lile ni la mkulima. Lilinunuliwa kwa makato ya kila kilo mliyoleta mizanini, na kila nati iliyofungwa ndani yake imelipwa na ninyi. Katika kanuni saba za ushirika zilizothibitishwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani huko Manchester katika mwaka wa 1995, kanuni ya tano ni elimu, mafunzo na habari kwa wanachama. Mwanachama asiyejua mali yake inavyofanya kazi hana njia ya kujua kama fedha zake zimetumika vema au vibaya. Hubaki kupiga kura kwa hasira au kwa huruma, na vyote viwili ni washauri wabaya.

GARI LENYEWE NA MAMBO YALIYOTUKIA

Gari letu, kama mjuavyo, ni Land Rover. Gari la kwanza la jina hilo lilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na tangu hapo magari ya ukoo huo yamezizoea barabara zetu kama punda alivyozoea mzigo. Namna ya 110 ilitokea mwaka wa 1983, jina la Defender likaongezwa mwaka wa 1990, na kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa gari la mwisho la mfano huo tarehe 29 Januari 2016. Letu ni la miaka ya 1990, lenye injini ya dizeli na giaboksi ya gia tano iitwayo R380, ambayo ilianza kutumiwa katika mwaka wa 1994. Ni gari la makamo basi, lakini si mzee wa kutupwa.

Kazi yake mwaijua. Ndilo lipelekalo sampuli za kahawa, dawa za kunyunyizia na miche. Ndilo liwapandishalo wakaguzi wa mizani mpaka vituo vya juu wakati wa mvua, ambako lori haliwezi kufika. Tena, ijapokuwa jambo hili halimo katika kanuni za Chama, ndilo ambalo limewateremsha wagonjwa wengi hospitalini usiku.

Kwa muda wa miezi kadhaa kabla ya msimu, gari hili lilikuwa likitoa mlio. Kila dereva alipoachia klachi ili liondoke, ulisikika mgongo mmoja chini ya sakafu, kama nyundo ipigayo chuma. Na gia ya pili ilikuwa ikilalamika kila ilipoingizwa. Dereva aliyaandika hayo yote katika daftari lake. Gari lilipelekwa katika karakana moja ya mjini, nako ikasemwa kuwa klachi imekwisha. Klachi mpya ikafungwa, fedha zikalipwa, gari likarudi, na ule mlio ukarudi pamoja nalo. Haukupita muda mrefu, katikati ya msimu, kwenye mlima ule mrefu wa kwenda vituo vya juu, gari likakataa. Injini ilinguruma vizuri, gia iliingia, klachi iliachiwa, na gari halikusogea hata hatua moja.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema dereva ameua gari kwa mkono mzito, na katika mkutano mmoja lilitolewa shauri kwamba afukuzwe kazi, tena akatwe gharama katika mshahara wake. Wengine walisema gari liuzwe kama vyuma chakavu. Wengine walitaka tununue giaboksi iliyokwisha tumika, ya zile ziletwazo kutoka ng'ambo, ifungwe upesi ili msimu usituponyoke. Na wachache walisema: kwanza tujue ni nini kilichovunjika. Halmashauri ilifuata shauri la hao wachache, nami nataka kuwaeleza lilitufikisha wapi.

GIABOKSI NI KITU GANI

Injini hutoa nguvu kwa mzunguko wa kasi, lakini gari lililobeba mzigo mlimani lahitaji nguvu nyingi na mwendo mdogo, na gari lililo tambarare lahitaji kinyume chake. Giaboksi ndiyo ipatanishayo mambo haya mawili. Ndani yake mna shafti za chuma zenye magurudumu ya meno. Gurudumu dogo likizungusha kubwa, mwendo hupungua na nguvu huongezeka. Katika giaboksi za siku hizi, magurudumu ya gia za mbele huwa yameshikana meno wakati wote. Dereva anaposukuma mkono wa gia hachomeki gurudumu ndani ya jingine, bali husogeza kifungo kinacholifunga gurudumu moja kwenye shafti kuu, ili lizunguke nayo.

Tatizo ni kwamba shafti na gurudumu hilo huwa zinazunguka kwa kasi tofauti. Kwa hiyo pamewekwa pete ya shaba katikati yao, ambayo kwanza hugusa na kusugua, kama breki ndogo, mpaka kasi zilingane. Mmemwona utingo anayedandia lori lililokwisha kuondoka: hukimbia kwanza sambamba nalo, na miguu yake ikilingana na mwendo wa lori ndipo hushika chuma na kupanda. Asiyekimbia kwanza huburutwa. Pete ya shaba ndiyo mbio za utingo. Ikilika, vyuma hukutana kabla ya kulingana, na ndio ule mlio wa kukwaruza mnaousikia. Wazee wetu walioendesha Land Rover za zamani wakumbuka kwamba gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na pete hizo, na iliwapasa kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia. Ni namna ya Series III, ya mwaka wa 1971, iliyokuwa na pete katika gia zote nne za mbele.

Lakini gari letu lina boksi mbili. Nyuma ya giaboksi pana boksi la pili ambalo mafundi huliita transfa. Hilo ndilo ligawalo nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, na ndilo lenye gia nzito ya kupandia milima na kutokea matopeni. Mkia wa shafti kuu ya giaboksi umechongwa meno marefu, nao huingia ndani ya gia ya kupokelea ya transfa kama mpini uingiavyo katika jembe. Nguvu yote ya injini, gari likiwa tupu au limejaa, hupita katika meno yale ya mkia. Nawaomba mkumbuke mahali hapo.

KUTAFUTA UGONJWA KABLA YA KUTOA DAWA

Fundi aliyeitwa na Halmashauri hakushika spana siku ya kwanza. Aliuliza maswali, akasoma daftari la dereva, kisha akafanya majaribio matatu, ambayo nayaeleza ili kila chama cha msingi chenye gari la namna hii kiyajue.

Jaribio la kwanza: alifunga difu ya kati. Gari hili huendeshwa kwa magurudumu yote manne wakati wote, na katikati ya transfa mna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Shafti moja ya gurudumu ikikatika, nguvu yote hukimbilia pale palipokatika, na gari husimama ingawa boksi zote ni nzima. Difu ya kati ikifungwa, ekseli iliyo nzima hupata nguvu na gari huondoka. Letu halikuondoka.

Jaribio la pili: magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa kabari, aliwasha injini, akaingiza gia, na msaidizi akatazama kwa mbali propela shafti zote mbili. Kama moja ingalizunguka huku gari limesimama, ingalikuwa dalili kwamba nguvu imekwisha kupita transfa. Hakuna iliyozunguka. Basi ugonjwa ulikuwa kabla ya hapo: katika klachi, au katika giaboksi, au katika maungio ya boksi mbili.

Jaribio la tatu ndilo lililoamua. Injini ilizimwa, mafuta ya transfa yakamwagwa, kisha fundi akafungua kifuniko kidogo kilichoko nyuma ya transfa. Kazi hiyo ni ya spana moja na muda mfupi, wala haihitaji kuteremsha chochote. Akamulika ndani kwa tochi, na pale penye mkia wa shafti kuu pakaonekana unga mwekundu kama kutu iliyosagwa. Meno ya mkia yalikuwa yamelika yakawa mviringo. Shafti ilikuwa ikizunguka ndani ya gia, kama mpini uliolegea ndani ya jembe, bila kuikamata.

Ndugu wanachama, mlio ule wa nyundo ulikuwa ni sauti ya meno hayo yakigongana katika nafasi iliyozidi kupanuka siku hadi siku. Mlio wa jinsi hiyo waweza pia kutoka katika viungo vya propela au katika difu, na ndiyo sababu haifai kukisia. Lakini hautibiwi kwa klachi mpya. Aliyefunga klachi alitibu mguu wa mtu anayeumwa jino.

NI NANI ALIYEKOSA?

Kabla ya kuendelea na kazi ya fundi yanipasa kusema jambo moja waziwazi, kwa kuwa jina la mtu lilitajwa hadharani, na ni haki lisafishwe hadharani. Ulikaji wa meno ya mkia katika boksi za namna hii wajulikana na mafundi wa nchi nyingi. Katika gia za kupokelea za mwanzo, mafuta hayakufika vizuri mahali pale. Chuma kilisugua chuma karibu kikavu, na kule kusugua ndiko kuletako unga mwekundu. Baadaye zikatolewa gia zilizotobolewa matundu ya kupitishia mafuta mpaka kwenye meno. Gari letu lilikuwa na gia ya zamani isiyo na matundu.

Kwa hiyo si mkono wa dereva uliomaliza shafti. Tena dereva ndiye aliyeandika mlio ule katika daftari tangu ulipoanza. Lau angalifukuzwa kabla ya kifuniko kufunguliwa, Chama kingalimpoteza mtu mwaminifu, na shafti ingalibaki imelika vilevile. Anayehukumu kabla ya kufungua hufanya makosa mawili kwa mara moja: humwonea mtu, na huuacha ugonjwa pale ulipo.

KUTEREMSHA NA KUFUNGUA

Shafti kuu haitoki mpaka giaboksi iteremshwe na kufunguliwa yote. Hiyo ni kazi nzito, na ndani yake mna hatari ambayo sharti niitaje, kwa maana yaweza kuua. Breki ya mkono ya Land Rover za namna hii haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Mara propela ya nyuma inapofunguliwa, breki ya mkono haishiki kitu chochote. Gari lililosimama juu ya mteremko mdogo laweza kumpita mtu juu ya mwili wake. Kwa hiyo kabla ya kugusa nati ya kwanza, gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu yatiwe kabari mbele na nyuma, waya wa betri ufunguliwe, na gari likiinuliwa likae juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Kisha mafuta ya giaboksi yalimwagwa katika karai safi na kuchunguzwa. Mafuta ya giaboksi husema, na hii ndiyo lugha yake. Unga laini wa kijivu ni ulikaji wa kawaida. Vimetameta vya rangi ya dhahabu ni shaba ya pete. Vipande vya chuma ni meno au beringi zilizovunjika. Mafuta yaliyokuwa meupe kama chai ya maziwa yameingiwa na maji. Katika yetu vilikuwamo vimetameta vya shaba, ambavyo vilieleza malalamiko ya gia ya pili. Vipande vikubwa havikuwamo, na hiyo ilikuwa habari njema, kwani ilionyesha kwamba meno ya gia zenyewe huenda yakawa salama. Boksi lilipofunguliwa ikathibitika kuwa ndivyo.

Boksi lilioshwa nje kabla ya kufunguliwa, maana chembe moja ya mchanga ikiingia katika beringi hufanya kazi ya tupa. Meza ilitandikwa kitambaa safi. Kila kilichotoka kilipangwa kwa utaratibu wake, kikatiwa alama, na kijana wetu anayejifunza ufundi akakipiga picha kwa simu kabla hakijaguswa tena. Picha hizo zilitufaa sana siku ya kufunga.

MATENGENEZO YENYEWE

Kanuni iliyofuatwa ilikuwa hii: kazi kubwa ni kuteremsha na kupandisha, kwa hiyo kila kilicholika na kinachofikiwa wakati huo kibadilishwe wakati huohuo. Shafti kuu mpya ilifungwa pamoja na gia mpya ya kupokelea, ya namna ile iliyotobolewa matundu ya mafuta. Shafti mpya haifungwi katika gia iliyolika, kwani meno mabovu hula yaliyo mazima, na baada ya muda mchache mtarudi mlikotoka. Pete za shaba zilibadilishwa, pamoja na beringi na sili zote za mafuta. Sili ya zamani hairudishwi hata ikionekana nzima. Bei yake ni ndogo kuliko kazi ya kuifikia.

Jambo linalomtofautisha fundi na mfungaji ni vipimo. Beringi mpya zikiingia, shafti haikai tena kama ilivyokaa zamani. Ikilegea, hucheza na kuharibu gia; ikibanwa mno, huchemka na kuua beringi. Kwa hiyo chini ya beringi huwekwa vibamba vyembamba vya chuma, na fundi huchagua unene wa kila kimoja kwa kupima kwa saa ya ufundi, hata nafasi iwe kama kitabu cha kiwanda kinavyoagiza. Siku mbili zilitumika kwa kupima tu, na wapo waliolalamika kuwa fundi amekaa. Hakukaa, hapo ndipo matengenezo yalipokuwa. Na nati kubwa zilifungwa kwa spana ya kupimia nguvu, wala si kwa bomba refu na kifua cha kijana.

Mwisho ni mafuta. Giaboksi hii hutumia mafuta mepesi yaliyotajwa katika kitabu chake, ya namna ya MTF 94, na transfa hutumia mafuta mazito zaidi ya gia. Kutia mafuta mazito katika zote mbili kwa kudhani kuwa uzito ni nguvu ni kosa, maana pete za shaba hushindwa kufanya kazi yake, hasa asubuhi ya baridi. Mafuta hayo hayafiki lita tatu katika kila boksi. Fikirini: mtambo wote ule hulindwa na kiasi cha mafuta kinachoweza kubebwa katika dumu dogo la mkononi.

Kadhalika mjue kwamba kati ya boksi hizi mbili mna sili. Ikichoka, mafuta huhama kutoka boksi moja hadi la pili, na chini ya gari hakuna hata tone linaloonekana. Kwa hiyo boksi zote mbili hupimwa siku moja. Kufungua kizibo cha ubavuni na kuona kama mafuta yanafika kwenye tundu ni kazi isiyozidi robo saa.

MKONO NA MGUU WA DEREVA

Giaboksi iliyotengenezwa vema yaweza kuharibiwa na mazoea mabaya, nami nayataja bila ya kumlenga mtu. Mkono usipumzishwe juu ya mkono wa gia, kwani uzito wake hula uma unaosukuma vifungo ndani. Mguu usipumzishwe juu ya klachi, kwani beringi yake huzunguka bila kupumzika. Gia nzito ya transfa iingizwe gari likiwa limesimama. Difu ya kati ifungwe katika matope na mchanga, na ifunguliwe mara gari linaporudi kwenye barabara ngumu, kwa sababu katika kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo mmoja, na shafti hujinyonga. Kabla ya kuvuka mto wenye kina, kizibo cha chini ya nyumba ya klachi kifungwe, na baada ya kuvuka kifunguliwe; kikiachwa, mafuta yanayovuja hukusanyika humo na kulowesha klachi. Tena vibomba vya kupumulia vya boksi na ekseli vitazamwe visizibwe na tope, maana boksi lenye joto likiingia katika maji ya baridi huvuta pumzi, na likikosa hewa huvuta maji.

MASHAURI YALE MENGINE

Sasa nawajibu wale waliotoa mashauri mengine, kwani yalitolewa kwa nia njema.

Kwa waliotaka gari liuzwe: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Fremu ilikuwa nzima, injini nzima, ekseli nzima. Kuuza gari zima kwa ajili ya shafti moja na pete chache ni kukata mkahawa kwa sababu ya tawi lenye ugonjwa.

Kwa waliotaka giaboksi iliyotumika: shauri hilo laweza kufaa pale boksi lilipopasuka ganda au gia nyingi zilipovunjika, maana hapo vipuri hupita bei ya boksi zima. Lakini boksi lisilojulikana historia yake ni mbuzi kwenye gunia. Mkia wake waweza kuwa umelika kama wetu, na ukinunuliwa bila kutazamwa mnunuzi ameununua ugonjwa uleule kwa mara ya pili. Akinunua mtu, basi aanze kwa kuutazama mkia wa shafti.

Na kwa mzee aliyesema katika mkutano kwamba chama cha wakulima si karakana: ni kweli, mzee wangu. Hatuna haja ya kuwa mafundi. Tuna haja ya kujua kiasi cha kumwuliza fundi maswali. Siku ile gari lilipopelekwa mjini, hakuna sharti letu lililodai maelezo ya ugonjwa kwa maandishi kabla ya malipo. Gharama ya klachi ile, pamoja na gharama ya matengenezo haya, imo katika taarifa ya Mweka Hazina, moja chini ya nyingine. Someni mistari hiyo miwili na kuilinganisha. Mmoja ni bei ya kukisia, na wa pili ni bei ya kujua.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo manne ya Halmashauri. La kwanza, kila gari la Chama liwe na daftari, na mlio au uvujaji wowote ulioandikwa na dereva ujibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba. La pili, mafuta ya giaboksi, ya transfa na ya ekseli yapimwe mwanzo wa kila mwezi, na kifuniko cha nyuma ya transfa kifunguliwe mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu. La tatu, karakana yoyote isilipwe mpaka ieleze ugonjwa uliopatikana, na mpaka vipuri vya zamani virudishwe kwetu tuvione. La nne, mtumishi yeyote asihukumiwe kwa kuharibika kwa chombo kabla ya chombo hicho kufunguliwa na kuchunguzwa.

Shafti ya zamani pamoja na gia yake zimewekwa juu ya meza karibu na mlango. Nawaomba kila mmoja apitishe kidole kwenye meno yale anapotoka. Kwa vijana wetu itakuwa ni somo zuri, na kwa dereva wetu, ambaye yuko hapa ukumbini leo na ambaye ndiye atakayewapeleka wakaguzi vituo vya juu asubuhi ya kesho, itakuwa ni ushahidi.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mashine haifi bila ya kusema. Chama chetu kimetimiza miaka kumi. Nacho kina milio yake, katika mizani, katika vitabu vya hesabu, na katika manung'uniko ya wanachama wa vituo vya mbali. Tuisikilize ingali midogo, tuifungue kwa utaratibu, na tusimtafute wa kulaumiwa kabla ya kujua kilicholika.

 Ushirika udumu.